Feni zote nne zisitoe hewa nje

Ndugu yangu wa Kirumba, umesema feni zote nne za kasha la kompyuta yako zinatoa hewa nje, na bado mashine inachemka na kujaa vumbi. Tatizo ni hilo hilo. Zikitoa zote, kasha linavuta hewa kupitia kila upenyo usio na chujio, na vumbi linaingia humo humo. Geuza mbili za mbele ziingize, zizunguke kwa kasi zaidi kidogo kuliko zile za nyuma na juu zinazotoa. Upande wenye vikono vinavyoshika mota ndiko hewa inakotokea; ukiwa na shaka, sogeza kipande cha tishu karibu na feni kwa nje ya kasha, kikivutwa inaingiza. Chujio la mbele lisafishe mara kwa mara, hasa wadudu wa ziwani wakitanda. Langu hapa Igombe nililikuta wamelifunika kama blanketi, hewa haipiti kabisa.