Ng'ombe Akifa Ghafla, Weka Kisu Chini

Jumapili asubuhi nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Njoro. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa amekutwa amekufa, damu inamtoka puani, na majirani walishafika na visu na mabeseni. Mume wake alisema nyama isipotee bure. "Mama, nifanye nini?" aliniuliza. Nilimpigia simu papo hapo, nikamwambia: asipasuliwe, huenda ni kimeta, ugonjwa wa vijidudu unaoua mifugo na watu pia. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa sababu wafugaji wenzangu wengi mnanisoma na nyote mnataka boma likue.

Mimi yalinifika hapa Subukia. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, kisha mvua ikaja, ng'ombe wakawa wanang'oa nyasi fupi pamoja na udongo wake. Mtamba wangu mwenye mimba, niliyemnunua kwa pesa za chama, alikula vizuri jioni. Alfajiri nikamkuta chini, tumbo limefura, damu nyeusi isiyoganda puani na nyuma, miguu haijakakamaa. Kwenye baraza la chifu, daktari wa mifugo alikuwa ametueleza dalili hizo moja moja. Nilijua ninatazama kimeta.

Jua halijapanda, boma likajaa watu. Baba mdogo wa mume wangu alikuwa mbele na kisu mkononi. "Mwanamke aliyeolewa juzi ndiye atakayetufundisha ng'ombe?" Akaniita mchoyo mbele ya watoto wangu. Sikumjibu vibaya, ni mzee wangu, lakini sikuondoka pale. Nilisimama mbele ya yule mtamba mpaka daktari akafika, akachukua damu kidogo kwenye sikio bila kupasua popote, akaenda kuipima. Kimeta kweli.

Tulimzika mzima na ngozi yake, shimo refu kupita kimo cha mtu, chokaa kwa wingi, na udongo uliolowa damu tukautupia humo humo. Ng'ambo ya bonde ng'ombe mwingine alikufa wiki ile ile, wakagawana nyama. Kijana aliyechuna ngozi alitokwa na kipele mkononi, kikawasha, kisha kikawa kidonda cheusi katikati, wala hakiumi. Dawa za hospitali ndizo zilizomwokoa. Kwetu hakuna aliyeugua, hata mmoja, na hilo nalisema kifua mbele. Baba mdogo hajaniambia pole mpaka leo. Tukikutana matangani ananipa mkono akiangalia pembeni. Inaniuma bado.

Jamani, msipasue. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hugeuka mbegu ngumu zinazokaa udongoni miongo mingi, zikingoja ng'ombe mwingine wa kulisha hapo. Mzoga ukibaki mzima, vingi hufa humo humo unapooza. Na kuchemsha nyama si kinga. Mbegu hizo hustahimili moto wa sufuria zetu. Naambiwa babu zetu walikula kibudu na wakazeeka. Waliozeeka ndio waliobaki kusimulia. Wale wengine nani aliwauliza?

Halafu chanjeni. Kila mwaka, kabla ya mvua, hata kama jirani hachanji. Chanjo ya kimeta na ya chambavu, ugonjwa mwingine unaoua ng'ombe ghafla, huja pamoja katika chupa moja, na bei yake huwezi kuilinganisha na bei ya mtamba. Tangu Louis Pasteur alipowachanja kondoo hadharani kule Ufaransa mwaka 1881, waliochanjwa wakasimama na wasiochanjwa wakafa, hili halina ubishi tena. Anayedhani kimeta ni cha mbali akumbuke mwaka 2015, nyati zaidi ya 100 walivyokufa ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru, hapa hapa kaunti yetu. Mwenye ng'ombe asiyechanja anacheza na maisha ya watoto wa wenzake.

Dada wa Njoro, uliniambia kuna wawili waliomburuta huyo ng'ombe kabla sijakupigia. Waoge kwa sabuni na maji mengi, nguo zao zichemshwe kwa muda mrefu. Wakiona kipele chochote, au homa, au tumbo kuuma, waende hospitali siku hiyo hiyo, na wasiseme tu "nina kidonda". Wamwambie daktari wazi kwamba waligusa ng'ombe aliyekufa ghafla akitoka damu. Na mbwa wafungwe mpaka shimo lifukiwe.