Wanafunzi wangu wa jioni wanapungua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mara mbili kwa wiki, vipindi vya shule vikiisha, najitolea kufundisha hisabati na sayansi watoto wa familia zisizo na uwezo. Shule yao haina maabara. Tulianza na wanafunzi 20, sasa wanakuja 9. Narudia mada walizoshindwa darasani na kuwapa mazoezi mengi. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hata mimi nilifundisha hivyo kwa miaka mingi. Mtoto ameshinda darasani akiambiwa hajui. Ukimwita jioni kwa yaleyale, anaona umemwongezea adhabu.

Kipindi kijacho chaki ipumzike. Kila mmoja aje na uzi na jiwe. Walining'inize, uzi uwe sentimita 100 kutoka ulipofungwa juu hadi katikati ya jiwe. Kabla hawajalivuta kando kidogo na kuliachia, waulize: jiwe zito na jepesi, lipi litawahi kwenda na kurudi? Waache wabishane, na wewe usitoe jibu. Halafu wapime safari 10 za kwenda na kurudi kwa saa ya simu. Wapime 10 kisha wagawe, maana safari moja ni fupi mno na kidole huchelewa kubonyeza. Watapata kama sekunde 20, jiwe liwe zito au jepesi.

Sasa waulize: tukiupunguza uzi hadi nusu? Watajibu kwa sauti moja, sekunde 10. Wakipima, wanapata 14 na kitu. Binti mmoja, ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono, alipima mara tatu akanijia juu: "Mwalimu, saa yako mbovu!" Nikampa nyingine. Alipima tena, akanyamaza, akaanza kuukata uzi kidogo kidogo bila kuniuliza, mpaka akafika sentimita 25. Hapo ndipo alipozipata sekunde 10: robo ya urefu, nusu ya muda, maana nusu mara nusu ni robo. Kipeuo cha pili, kilichomshinda muhula mzima, kikawa mkononi mwake. Mazoezi ya daftarini niliyaleta baada ya hapo, na aliyafanya yote.

Hao 11 walioacha, waulize mmoja mmoja, faraghani. Wengine huenda hawajakuchoka. Wanawahi nyumbani kulea wadogo zao. Waambie waje nao. Hata mtoto wa miaka mitano anaweza kuhesabu safari 10 za jiwe.