Maswali ya Wasomaji: Gobore la Babu na Maana ya Bunduki Marekani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kaka yangu anaishi Texas, na kila tukizungumza kwa simu ananieleza kwamba mahakama za huko zinabishana kama kifaa fulani ni bunduki au si bunduki. Mimi nimekulia kijijini, babu alikuwa na gobore, na hakuna aliyewahi kuuliza kama lile ni bunduki. Inakuwaje watu wenye elimu yao wagombane juu ya jambo ambalo hata mtoto anaweza kulijibu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Tuanze na hilo gobore, maana kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani huenda babu yako hakuwa na silaha ya moto hata kidogo. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968, iliyopitishwa miezi michache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy, inasema kwamba silaha ya moto ni chombo kinachorusha risasi kwa nguvu ya mlipuko, au kilichoundwa kwa kazi hiyo, au kinachoweza kugeuzwa kwa urahisi kifanye kazi hiyo. Kisha inaongeza kiunzi kinachobeba mitambo ya bunduki, na pia kizuia sauti kinachofungwa kwenye mtutu. Halafu inaziondoa silaha za kale, yaani zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo, pamoja na bunduki nyingi za kushindilia baruti nyeusi mdomoni. Kwa hiyo kizuia sauti, ambacho peke yake hakiwezi kumuua hata kunguru, ni silaha ya moto, ilhali gobore la kuangusha nguruwe pori si silaha ya moto, na mnunuzi wake hachunguzwi rekodi za uhalifu kwa sheria hiyo, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yao. Hapa kwetu mwenye gobore lisilo na kibali hutakiwa alisalimishe kituo cha polisi.

Chanzo cha tofauti hii ni mahali mabishano yanapoanzia. Tanzania na Kenya, silaha ni jambo la kibali: unaomba, unaeleza sababu, na mamlaka inaweza kukukatalia. Marekani, Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanataja katika sentensi moja tu jeshi la mgambo na haki ya watu kuwa na silaha, na kwa muda mrefu wanasheria walibishana kama haki hiyo ni ya mgambo au ya kila mtu. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba ni haki ya mtu binafsi kuweka silaha nyumbani kwa kujilinda. Mwaka 2022 ikaenda mbali zaidi na kuifuta sheria ya New York iliyomtaka mwombaji aeleze sababu maalumu ya kutaka kutembea na bastola. Serikali isipoweza tena kumuuliza raia, “Unaitakia nini?”, linalobaki ni kuuliza, “Hicho ulicho nacho ni kitu gani?” Ndiyo maana vita vingi vimehamia kwenye tafsiri za maneno.

Mfano mzuri ni bunduki ya rashasha. Sheria ya mwaka 1934, iliyotungwa enzi za majambazi waliotikisa miji kama Chicago, inaieleza kuwa ni silaha inayofyatua risasi zaidi ya moja, bila kujazwa upya kwa mkono, kwa tendo moja la kifyatulio. Oktoba 2017, mjini Las Vegas, mtu mmoja aliushambulia umati uliokuwa kwenye tamasha la muziki na kuua watu wapatao 60. Baadhi ya bunduki zake zilikuwa na kitako cha pekee kinachoiacha bunduki irudi nyuma na kwenda mbele, ikijigonga yenyewe kwenye kidole cha mpigaji kwa kasi kubwa. Idara inayosimamia silaha, ATF, ikatangaza mwaka uliofuata kwamba bunduki yenye kitako hicho ni rashasha. Mwenye duka la bunduki mjini Austin, Texas, alisalimisha vitako vyake viwili kisha akaishtaki serikali, na Juni 2024 akashinda kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji Clarence Thomas aliweka ndani ya hukumu michoro ya mtambo wa kifyatulio ili kuonyesha kwamba kila risasi ina tendo lake. Jaji Sonia Sotomayor, aliyepinga, alijibu kwamba ndege anayetembea kama bata, anayeogelea kama bata na anayelia kama bata, yeye humwita bata.

Kwa maoni yangu, ukiyasoma maneno ya sheria yalivyo, Thomas ana hoja. Lawama ni ya Bunge, ambalo limeyaacha maneno ya mwaka 1934 yapambane na vifaa vya karne hii. Lakini mahakama hiyohiyo, Machi 2025, iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba serikali inaweza kuvihesabu kuwa silaha za moto baadhi ya vifurushi vya vipande ambavyo mtu huviunganisha nyumbani na kupata bastola isiyo na namba ya usajili. Jaji Neil Gorsuch alieleza kwamba hata mswada usiokamilika mwandishi wake huuita riwaya, na meza iliyonunuliwa ikiwa vipande bado huitwa meza.

SWALI: Je, ni kweli kwamba chama cha NRA ndicho kinachozuia kila sheria ya silaha huko Marekani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si kila sheria, na wala si chama hicho peke yake. NRA, chama cha kitaifa cha wenye bunduki, kilianzishwa New York mwaka 1871 na maofisa waliopigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walioona aibu jinsi askari wao walivyokuwa hawajui kulenga shabaha. Mwaka 1934 rais wake, Karl Frederick, aliwaambia wabunge kwamba haamini katika watu kujibebea bunduki ovyo, na kwamba jambo hilo lidhibitiwe vikali kwa leseni. Maneno hayo leo yangemfukuzisha chamani! Mgeuko ulikuja mwaka 1977, katika mkutano wa wanachama mjini Cincinnati, ambapo wenye msimamo mkali waliwaondoa viongozi waliotaka chama kijikite kwenye uwindaji na mazingira. Tangu hapo nguvu yake haijawa fedha tu. Ni wapiga kura ambao huweza kumwangusha mbunge kwa suala hilo moja.

Siku hizi NRA kimedhoofika. Kiongozi wake wa miaka mingi, Wayne LaPierre, alijiuzulu Januari 2024, na mwezi uliofuata baraza la raia waamuzi mahakamani New York likaamua, katika kesi ya madai, kwamba alitumia vibaya fedha za chama. Nafasi ya NRA sasa inagombewa na vyama vikali zaidi, kama Gun Owners of America. Upande wa pili wapo Brady na Everytown, vyama vinavyotaka silaha zibanwe zaidi, ambao nao wamejifunza kuchagua maneno: zamani walisema “udhibiti wa bunduki”, sasa wanasema “usalama wa bunduki”.

SWALI: Nasoma chuo Minnesota kwa viza ya mwanafunzi. Rafiki zangu wamenialika tukajaribu shabaha. Je, naruhusiwa?
Mwanafunzi

JIBU: Mwenye makazi ya kudumu anaweza kumiliki bunduki, lakini aliyeingia kwa viza ya muda kama yako kwa kawaida amekatazwa na sheria ya serikali kuu kuwa na bunduki au risasi, na kosa hilo linaweza kumfunga hadi miaka 15, mbali na kurudishwa kwao. Wanaoepuka katazo hilo ni wachache, miongoni mwao wenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Basi ipate leseni hiyo kwanza, na umwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kwenda. Usidhani kwamba bunduki ya kukodi au ya rafiki haikuhusu: sheria haiulizi ni ya nani, inauliza ilikuwa mikononi mwa nani.