Je, Nimekufuru kwa Kuweka Shada la Maua Mbele ya Sanamu la Amiri wa Bahari?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Kipemba, natunza bustani ya hoteli moja huku Turgutreis, Uturuki. Mji huu umepewa jina la Turgut Reis, amiri wa majeshi ya majini aliyetokea huku, na pana sanamu lake la kumbukumbu. Wiki iliyopita meneja alinituma nikalisugue jukwaa la sanamu kwa brashi na sabuni. Kesho yake nikabeba shada la maua la hoteli, nikaliweka pale, tukasimama kimya. Mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja akaniambia nimeabudu sanamu, nimeritadi, nikoge nitoe shahada upya, na nikaha yangu imevunjika. Mke wangu yuko Wete na mtoto wa miezi minne. Tangu siku ile silali. Mzee mmoja kazini yeye anasema hapana ubaya wowote, hata Nabii Suleiman alikuwa na masanamu. Nimfuate nani?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah. Mwanangu, nianze na mkeo. Ni mkeo. Nikaha yenu iko vile vile ilivyofungwa, na wewe ni Muislamu kama ulivyokuwa kabla ya kushika ile brashi.

Huyo mwenzako amesema neno zito kuliko alilolifanya anayemlaumu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mtu akimwita nduguye kafiri, neno hilo litamrudia mmoja wao. Na zaidi ya hapo, hakukuuliza. Hatib bin Abi Balta'a, sahaba wa Mtume, aliandika barua kwa siri kuwatahadharisha Makureshi kwamba Mtume anawaendea Makka. Barua ikakamatwa. Sayyidna Umar akataka kumkata shingo. Mtume akamuuliza kwanza: "Hatib, ni nini hiki?" Akajibu kwamba hakufanya kwa kuritadi, ana jamaa Makka wasiokuwa na wa kuwalinda, akataka Makureshi waone ana fadhila kwao. Mtume akasema: amesema kweli, msimwambie ila kheri. Hiyo ni barua iliyopelekwa kwa adui wakati wa vita! Wewe umesugua jiwe kwa amri ya mwajiri, nawe una watu Wete wanaokula kwa mshahara wako. Ibada ina nia yake na unyenyekevu wake. Kama hukuliomba sanamu lile, hukulisujudia wala hukuitakidi kwamba lina manufaa au madhara, hukuabudu. Nani amempa mwenzako ufunguo wa moyo wako?

Hata hivyo sitakuficha: mzee wako wa kazini naye amekosea, na kosa lake limeenea kuliko la mwenzako, maana siku hizi limevikwa joho la elimu.

Hoja ya Nabii Suleiman imetoka katika Suratu Saba (sura ya 34), aya ya 13, kwamba majini walimfanyia mihrabu na "tamathil", yaani masanamu. Wako wafasiri waliosema hayo hayakuwa masanamu ya viumbe wenye roho. Na tukikubali kwamba yalikuwa, hiyo ilikuwa sharia yake. Sisi tuna sharia yetu, na ndani yake imo amri ambayo Sayyidna Ali alimpa Abul Hayyaj, akamwambia ni ile ile aliyotumwa nayo na Mtume: asiache sanamu ila amelifuta, wala kaburi lililoinuliwa ila amelisawazisha.

Wengine hushika kauli ya Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, aliyesema mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba hofu ya kuabudiwa masanamu imekwisha, na picha zinahifadhi elimu. Alikuwa mwanachuoni mkubwa, Allah amrehemu, lakini hapa simfuati. Soma Suratu Nuh, aya ya 23, utayakuta majina ya masanamu waliyoyaabudu watu wa Nuh: Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas anatueleza katika Bukhari kwamba hao walikuwa watu wema. Walipokufa, shetani akawatia watu wao fikra ya kusimamisha masanamu kwenye mabaraza waliyokuwa wakikaa, na kuyaita kwa majina yao. Hayakuabudiwa, mpaka kizazi kile kilipokufa na elimu ikasahaulika. Ona basi: mwanzo wake ulikuwa kumbukumbu, kwao wenyewe, kwa mtu wanayemuonea fahari. Ni jambo lile lile uliloniandikia. Walioyasimamisha nao waliamini hofu haipo.

Tena sanamu humpandisha mtu juu asionekane alivyokuwa. Turgut alikuwa jasiri, hilo halina ubishi. Alitekwa mwaka 1540 akafungwa pingu kwenye merikebu za Genoa, akavuta makasia miaka kadhaa, mpaka Barbarossa, amiri mkuu wa manowari za Kiosmani, alipomkomboa mwaka 1544. Alipigana Djerba mwaka 1560, akauawa kwenye mazingiwa ya Malta mwaka 1565. Lakini ni yeye huyo huyo pamoja na Sinan Pasha, amiri mwenzake, waliovamia kisiwa cha Gozo, jirani na Malta, mwaka 1551 wakachukua watu takriban 5,000 utumwani, karibu kisiwa kizima, wanawake na watoto. Mtu aliyeionja pingu! Ukikaa na vijana ukawasimulia yote mawili, watajifunza kumwogopa Mungu. Jiwe haliwezi kazi hiyo. Mtume mwenyewe alitukataza kumsifu kupita mpaka, seuze amiri wa manowari.

Sisemi asahauliwe. Kaburi lake liko Tripoli, Libya, penye msikiti unaobeba jina lake (suala la makaburi na misikiti lina mahali pake), na watu wanasali humo mpaka leo. Mji wake wa kuzaliwa, ulioitwa Karatoprak, ulipewa jina lake mwaka 1972, na jina si sanamu. Wakimtakia thawabu, kisima, madrasa, hata boti ya uokozi kwa wavuvi wa pale, ingemfaa kuliko maua yanayonyauka kabla ya Ijumaa.

Sasa ufanye nini? Mshahara wako ni halali. Umeajiriwa kwa bustani. Mwendee meneja akiwa peke yake, kwa adabu, umwambie maua utayapanda na kuyamwagilia, ila shada na kusimama mbele ya sanamu ampe mwingine, kwa sababu ya dini yako. Akikataa, usiache kazi kwa hasira mtoto akakosa maziwa. Tafuta nyingine taratibu ukiwa bado kazini, na uchukie moyoni. "Mcheni Allah kiasi muwezavyo." Kwa lililopita, leta istighfari. Kukoga kwa ajili ya kusilimu huhitaji.

Na mwenzako usimnunie. Huko ugenini mmebaki wawili mnaosemezana Kiswahili. Mpikie, muwekee chakula, kisha umsomee hadithi ya Hatib. Usiku wa leo mpigie mkeo. Si kumsimulia haya, muulize tu mtoto ameanza kugeuka.

Wallahu aalam.