Kusimamia maabara ya kompyuta ya shule: mashine zifanane, na zirudi hali yake upesi

Kompyuta ya nyumbani ina mwenyewe. Ya maabara hukaliwa na wanafunzi sita au saba kwa siku, kila mmoja kwa kipindi kimoja, na anayeinuka hajui nani anakuja nyuma yake. Ndiyo maana anayekabidhiwa maabara kwa mara ya kwanza hujikuta akikimbia kutoka mashine hadi mashine: hii haina sauti, ile imegeuzwa lugha, ile ya pembeni imejaa michezo. Ukiifuata njia hiyo hutamaliza, maana kesho yake yataharibika mengine. Lengo ni mashine zote zifanane, mwanafunzi yeyote aweze kukaa popote, na kompyuta yoyote iliyovurugika upande wa programu irudi katika hali safi ndani ya nusu saa. Kila uamuzi utakaofanya, kuanzia ununuzi hadi nywila, upime kwa kigezo hicho.

Anza na umeme, kwa sababu ndio unaoua mashine nyingi kwa mpigo. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula wati 80 hadi 150 kwa kazi za kawaida za darasani. Mashine 20 za wati 120 ni wati 2,400, yaani zaidi ya ampea 10 kwenye umeme wa volti 230. Mzigo huo usiupitishe kwenye ekstensheni iliyochomekwa ndani ya ekstensheni nyingine. Kiungo cha katikati hupata moto, plastiki ikaanza kulainika, na harufu utaisikia umeshachelewa. Mwambie fundi umeme agawe chumba katika saketi mbili au tatu, kila moja na breka yake, na apime ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini) kwa kifaa, si kwa kuangalia tu kama waya upo. Ukigusa kasha la chuma la kompyuta ukahisi kama unatekenywa, ethi haifanyi kazi. Simamisha masomo hadi itengenezwe.

Umeme ukikatika, hatari kubwa iko pale unaporudi. Kompyuta zote zikiwaka kwa sekunde moja, zinavuta mkondo mkubwa kwa pamoja na breka inaruka. Ingia kwenye bayosi (programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo endeshi) ya kila mashine, tafuta mpangilio unaosema mashine ifanye nini umeme ukirejea, uweke ibaki imezimwa. Kisha washa safu moja baada ya nyingine. Kama fedha za UPS (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika) ni chache, ipate seva kwanza, yaani kompyuta inayotunza kazi za wote, halafu swichi ya mtandao na ruta. UPS ya 650 VA kwa kawaida hubeba wati zipatazo 360 hadi 400 tu, basi usichomeke mashine tano kwake. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS kabisa: inapopasha joto huvuta umeme mwingi ghafla. Betri ya UPS huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano hata kama haikutumika sana. Andika tarehe ya kuifunga juu yake kwa kalamu isiyofutika.

Meza zikae kandokando ya kuta, umbo la U, skrini zikitazama katikati ya chumba. Hapo mwalimu anaona kila skrini kwa kugeuza kichwa tu, na nyaya zinabaki nyuma ya meza, mbali na miguu. Safu zinazotazama ubao hupendeza kwenye mchoro, lakini kila kebo italazimika kupita mahali watu wanapotembea.

Kebo za mtandao ni kazi ya siku moja ambayo ikifanywa vibaya itakusumbua miaka. Tumia kebo ya daraja la Cat5e au zaidi, na kipande kimoja kisizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Unapobana kichwa cha kebo, fuata mpangilio mmoja wa rangi za nyuzi ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyuzi hizo. Ya megabiti 100 inahitaji mbili tu. Kwa hiyo kebo yenye uzi mmoja uliokatika inaweza kuendelea "kufanya kazi" huku mashine hiyo ikijikokota, nawe ukadhani diski imechoka. Kabla ya kulaumu diski, angalia kasi ambayo kadi ya mtandao inaripoti.

Lipo kosa moja linaloangusha maabara nzima kwa dakika moja. Mtu anaona ncha ya kebo inaning'inia, anaichomeka kwenye tundu lililo karibu kwa nia njema, kumbe ncha ya pili tayari imo kwenye swichi ileile. Ujumbe unaanza kuzunguka bila kikomo, taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja, na hakuna mashine inayofika popote. Dawa yake ni kuchomoa kebo moja moja hadi taa zitulie. Kinga yake ni swichi yenye ulinzi wa mzunguko, ikiwa umeuwasha ulinzi huo, na kutoacha ncha yoyote ikielea.

Mashine mama

Hapa ndipo penye moyo wa kazi. Chagua kompyuta moja, iandae kwa uangalifu wote, kisha inakili kwenye nyingine zote. Usisakinishe mfumo endeshi mara 20. Hata ukiwa makini kiasi gani, mashine ya kumi na tatu itatofautiana na ya nne, na tofauti hiyo itajitokeza katikati ya mtihani.

Kwanza amua mfumo. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta), RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64 au zaidi, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, hivyo mashine nyingi za zamani zinabaki nje. Kwa hizo, Linux, mfumo endeshi wa bure, ni jibu la heshima kabisa. Toleo la Ubuntu (aina ya Linux) lenye LTS, yaani msaada wa muda mrefu, hupata masasisho kwa miaka mitano, na yapo matoleo mepesi zaidi kwa mashine zenye RAM ya GB 2 au 4. Ukiwa na fedha kidogo tu za kuboresha vifaa, nunua diski za SSD (zisizo na sehemu inayozunguka, hivyo zina kasi zaidi) kabla ya kitu kingine. Mashine ya zamani yenye SSD na RAM ya GB 8 inatosha kwa karibu kila somo la shule.

Sakinisha mfumo, masasisho yote, programu za masomo, printa, fonti, na mpangilio wa kibodi. Fungua kila programu mara moja kwa akaunti ya mwanafunzi, siyo ya msimamizi, kwa sababu nyingi huuliza maswali ya mwanzo au hudai ruhusa ambazo mwanafunzi hana. Ukiridhika, iandae mashine kwa kunakiliwa. Kwenye Windows endesha Sysprep, zana iliyomo ndani yake, na uchague kufuta utambulisho wa mashine. Kwenye Linux ondoa machine-id (namba ya utambulisho wa mashine) ili kila nakala ijitengenezee yake. Ukisahau, kompyuta mbili zinaweza kupewa anwani moja ya mtandao na zikawa zinapokonyana.

Kwa kunakili, Clonezilla ni bure na inatosha. Jambo la kukumbuka ni kwamba kwa kawaida inataka diski inayopokea iwe sawa na ile ya asili au kubwa zaidi. Itengeneze mashine mama kwenye diski ndogo kuliko zote ulizonazo. Ukitumia diski ya nje, mashine moja huchukua dakika chache hadi nusu saa kutegemea kasi ya diski. Ukipitia mtandao, nakala ya GB 15 kwenye kasi ya megabiti 100 inahitaji angalau dakika 20 kwa mashine moja, na ukizilisha mashine 20 kila moja kwa mkondo wake zitagawana njia hiyohiyo. Tumia utumaji wa pamoja, ambapo data inapita mara moja na wote wanaipokea. Kasoro yake ni kwamba mashine moja yenye kebo mbovu inawachelewesha wote. Itoe pembeni uinakili peke yake.

Baada ya kunakili, ipe kila mashine jina linalolingana na lebo iliyobandikwa juu yake: LAB-01, LAB-02, na kuendelea. Jina la ndani na la nje yakitofautiana, siku moja utafuta diski isiyo yake. Nakala ya mashine mama ihifadhi sehemu mbili, mojawapo nje ya chumba, na uitengeneze upya kila muhula.

Kuzuia mvurugo

Mwanafunzi atumie akaunti ya kawaida, isiyo na uwezo wa kusakinisha chochote. Nywila ya msimamizi isiandikwe ukutani, na asipewe mwalimu "kwa leo tu", maana itakuwa ya darasa zima kufikia Ijumaa. Weka nywila kwenye bayosi na zima uwezo wa kuanzisha mashine kutoka kwenye flashi, la sivyo kinga nyingine zote zinarukwa kwa dakika mbili.

Juu ya hayo, wengi huongeza programu ya kugandisha: chochote kinachobadilishwa kinafutika mashine ikizimwa na kuwashwa. Zipo za kulipia kama Deep Freeze, na matoleo ya Windows ya Enterprise na Education yana kichujio chake cha aina hiyo. Ni kinga nzuri sana, lakini inakuja na matatizo ambayo mgeni huyagundua kwa uchungu. Masasisho yanafutika pia, kwa hiyo mashine hupakua yaleyale kila asubuhi na kumaliza intaneti ya shule. Panga siku moja kwa mwezi: fungua mgando, sasisha, zima na uwashe mara mbili, gandisha tena. Na kama mashine zimeunganishwa na seva ya domeni (inayosimamia akaunti na mashine zote), zima ubadilishaji wa nywila ya mashine unaotokea kila siku 30, vinginevyo siku moja seva itazikataa zote.

Tatizo kubwa kuliko yote la kugandisha ni kazi ya mwanafunzi. Aliyeandika insha kwa vipindi viwili na kuihifadhi kwenye skrini ya mwanzo ataikosa kesho, na hatakuamini tena. Kabla hujagandisha hata mashine moja, weka folda ya pamoja kwenye seva, iliyogawanywa kwa darasa na jina, na zielekeze programu zihifadhi huko zenyewe. Mwanafunzi asiweze kufungua folda ya mwenzake. Seva hiyo nakili kila usiku kwenye diski nyingine, na kila mwezi jaribu kurudisha faili moja. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Flashi zitakuletea virusi vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato badala yake. Mwanafunzi atalia kwamba kazi imepotea, na mara nyingi haijapotea. Kwenye mashine safi, bila kubofya njia hizo, fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yenyewe. Folda zitaonekana, nakili faili za kazi tu, kisha fomati flashi.

Kwenye vivinjari, zima uhifadhi wa nywila na uweke historia na vidakuzi vifutwe dirisha likifungwa. Mtoto anayesahau kutoka kwenye barua pepe yake hapaswi kuadhibiwa na atakayekaa baada yake. Ukitumia Veyon kuona skrini za wanafunzi, waambie wazi kwamba zinaonekana. Na kama intaneti ni haba, weka Kiwix kwenye seva: Wikipedia nzima itasomeka bila kutoka nje ya chumba.

Vitu vidogo vinavyochosha

Mashine ambayo ghafla inakataa tovuti zote kwa onyo la usalama, angalia saa yake. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka, na vyeti vya tovuti vinaonekana batili. Betri mpya na kurekebisha saa vinamaliza tatizo. Mashine inayolia bipu bila kuonyesha picha mara nyingi ina RAM iliyolegea: zima, chomoa waya wa umeme, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa kifutio safi, irudishe hadi vibanio vilie. Vumbi lipulize kila muhula, mashine ikiwa imezimwa, huku ukizuia feni kwa kidole ili isizunguke kwa upepo.

Kwa mashine 20, weka akiba ya kibodi tatu, vipanya vinne, kebo za mtandao tano, nyaya za umeme mbili, ugavi wa umeme mmoja (boksi la ndani linaloigawia kompyuta umeme) na betri za CR2032 kumi. Kizimamoto kiwe cha kaboni dioksidi. Cha unga kinazima moto lakini unga wake unaingia kwenye kila kompyuta iliyo karibu.

Daftari la hitilafu likae mezani kwa mwalimu: tarehe, jina la mashine, kilichoonekana, kilichofanywa. Mwanafunzi aruhusiwe kuandika mwenyewe bila kuulizwa nani kaharibu. Pakiwa na adhabu, hakuna atakayeripoti, na utagundua mashine nne zimekufa siku ya mtihani wa vitendo. Mashine ikijirudia mara tatu kwa tatizo lilelile, acha kuirudishia nakala. Tatizo liko kwenye kifaa: pima diski, kisha RAM, kisha ugavi wa umeme, kwa mpangilio huo.