Destroya za Fletcher: mliuliza, nawajibu

Haya wakuu, maswali ya destroya za Marekani za daraja la Fletcher yamekuwa mengi, nachukua machache, mengine yatasubiri.

Destroya ni nini hasa, na hizi zilikuwa na nini cha ziada?

Destroya ni manowari ndogo yenye mbio, kazi yake kulinda manowari kubwa na meli za kubeba ndege zisiliwe na nyambizi au ndege za adui, na ikipata upenyo inamfuata adui yenyewe na kumtandika torpedo (kombora linalokwenda ndani ya maji). Fletcher ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi, tani 2,050 kabla ya kujazwa mafuta, mizinga mitano ya milimita 127, mirija kumi ya torpedo, na mitambo ya mvuke ya nguvu za farasi 60,000 iliyoipeleka mpaka noti 36, kama kilomita 67 kwa saa. Ya kwanza iliingia kazini Juni 1942 na jumla zikajengwa 175.

Kwanini waliifanya kubwa kuliko zilizotangulia?

Mikataba, mkuu. Mkataba wa London wa 1930 ulibana uzito wa destroya, kwa hiyo wabunifu wakawa wanasukumia mizinga na torpedo kwenye meli ndogo kama daladala ya jioni, matokeo yake nyingi zilikuwa nzito juu na zinayumba. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Ulaya 1939 hayo masharti yakabaki karatasi tu, na waliokuwa wanachora Fletcher wakaachiwa kamba. Halafu Pasifiki ni bahari pana balaa, ilitakiwa meli ya kwenda maili za baharini 5,500 kwa noti 15 bila kuongeza mafuta, hapo lazima uwe na matenki ya maana.

Ukiniuliza mimi, ubora wote wa Fletcher uko hapo kwenye nafasi, maana vita ilivyoendelea kila mtu alitaka kuongeza kitu, rada, mizinga ya Bofors ya milimita 40 ya kutungulia ndege, vyombo vya kusikiliza nyambizi, na meli ikabeba. Chini nako walipanga kwa akili, chumba cha boila (la kuchemsha maji yawe mvuke) kisha cha injini, tena boila, tena injini, ili pigo moja lisizime meli nzima.

Eti moja nusura imuue Rais Roosevelt wa Marekani?

Kweli kabisa, William D. Porter. Tarehe 14 Novemba 1943 walikuwa kwenye mazoezi Atlantiki, torpedo ya kweli ikachomoka kuelekea Iowa, manowari kubwa ya Marekani, ambayo ndiyo ilikuwa imembeba rais kwenda kwenye mikutano ya Cairo na Tehran. Ikabidi wavunje ukimya wa redio kuwaonya, Iowa ikakata kona, torpedo ikalipukia nyuma yake. Mengine mnayosoma kuhusu hiyo meli yametiwa chumvi sana.

Ipi ilipigana vizuri kuliko zote?

Wengine watabisha ila mimi nasema Johnston. Tarehe 25 Oktoba 1944, karibu na kisiwa cha Samar kule Ufilipino, kikosi cha meli ndogo sita za kubeba ndege kikajikuta uso kwa uso na manowari kubwa nne za Japani, Yamato ikiwemo, na nyuma yao kundi zima la kruza (manowari kubwa kuliko destroya) na destroya. Nahodha Ernest Evans hakungoja amri, akageuza meli akawaendea, akafyatua torpedo zote kumi na kruza Kumano ikavunjwa pua. Johnston ikala makombora mazito, Evans mwenyewe akajeruhiwa, usukani ukafa, ikabidi asimame nyuma ya meli akipiga kelele za amri kwa mabaharia waliokuwa wanazungusha usukani kwa mikono huko chini, na bado wakarudi kupiga tena! Ilizama baada ya saa tatu hivi, kati ya watu 327 walipona 141, Evans hakuonekana tena. Mabaki ya meli yapo zaidi ya mita 6,400 chini ya bahari.

Zilizopotea ni ngapi?

Vitani 19. Spence ilipinduliwa na tufani Desemba 1944, mafuta yalikuwa yamebaki kidogo na chini imekuwa nyepesi, ile mizigo iliyoongezwa juu nayo ikachangia. Nyingine nyingi ziliishia Okinawa, kisiwa cha Japani, zilipopangwa mbali na kundi zikiwa macho ya rada, na marubani wa Japani wa kujitoa mhanga wakawa wanakutana nazo kwanza. Callaghan ilizamishwa Julai 1945 na kindege cha zamani cha mbao na kitambaa, rada ilikuwa inakiona kwa shida, watu 47 wakafa.

Bado kuna ya kwenda kuiona?

Zipo nne. Kidd ni ya Baton Rouge, Cassin Young ya Boston, The Sullivans ya Buffalo (hii Aprili 2022 ilivuja ikakalia tope hapo hapo gatini, wakaiokoa), na Velos ipo Ugiriki, ndiyo ile ambayo 1973 nahodha wake aliiasi serikali ya kijeshi akaenda kutia nanga Italia. Ya mwisho kustaafu ilikuwa ya Mexico, mwaka 2001.