Kumfundisha Mpolandi msamiati wa juu wa Kiingereza: anza na maneno anayodhani anayajua

Mkuu, kwa nilivyokuelewa: uko Wrocław, Polandi, unamfundisha Mpolandi mmoja mtu mzima, Kiingereza chake ni B2, ngazi ya nne kati ya sita za kipimo cha Ulaya. Magazeti anasoma bila shida, lakini akifungua mdomo anazunguka na maneno yaleyale, na anataka kufanya mtihani wa C1 Advanced wa Cambridge, ngazi moja juu, baada ya miezi minane. Umempa orodha za maneno magumu akariri, hakuna kilichobadilika. Wanafunzi wa aina hiyo nimewafundisha kiasi cha kutosha, ngoja nijibu kwa urefu.

Hizo orodha weka kando kwanza. Zinamfaa mtu anayeanza na kapu tupu, na Mpolandi haji na kapu tupu. Kipolandi kimekopa Kilatini na Kifaransa kwa karne nyingi kama sisi tulivyokopa Kiarabu, na Kiingereza nacho kilikopa kulekule. Mtoto wa Tanga akikutana na "function" na "structure" anaanza sifuri. Mpolandi ana funkcja na struktura tangu yuko shuleni. Kwa hiyo njia tuliyojifunzia sisi, neno kwa neno, kwake inapoteza muda kwenye maneno anayoyajua tayari na inayaruka yale anayodhani anayajua. Shida iko kwenye hayo ya pili.

Anza hivi. Kuna orodha ya msamiati wa kitaaluma iliyotolewa na Averil Coxhead mwaka 2000, ina familia za maneno 570 katika mafungu kumi, na fungu la kwanza lina 60. Mpe hilo la kwanza tu. Usimuulize "unalijua?", maana atakujibu ndiyo kwa yote. Mwambie aandike maana ya Kipolandi kando ya kila neno, bila kamusi, kwa dakika 20. Kama Kipolandi chako hakijakaa sawa, sahihisha kwa kamusi ya mtandaoni ya Diki.

Utaona maneno yanajigawa yenyewe. Mengi ni ya bure: context ni kontekst, method ni metoda, sector ni sektor, theory ni teoria. Hayo hayahitaji kadi za kukariria, yanahitaji tahajia tu, kwa sababu Kipolandi huandika konsonanti moja pale Kiingereza kinapoandika mbili: adres, profesjonalny, kolekcja. Ndiyo maana mtu wa B2 bado anaandika "adress". Kundi la pili halina ndugu yeyote kwenye Kipolandi: assess, assume, available, issue, involve, require. Hayo ndiyo ya kujifunza kweli, na mara nyingi ndiyo yanayokosekana kwenye mazungumzo yake. Halafu kuna kundi dogo la hatari: maneno yenye sura ya Kiingereza na maana nyingine. Data kwa Kipolandi ni tarehe. Autorytet ni mtu anayeheshimika kwa elimu au mwenendo wake, wala si mamlaka ya serikali. Specyficzny akiambiwa mtu maana yake ana vituko vyake, si mtu "mahususi". Ewidencja ni rejista, ilhali evidence ni ushahidi. Na polityka inabeba "politics" na "policy" pamoja. Hapo sisi tumewazidi, tuna siasa na sera.

Haya mapacha wa uongo yanahitaji kushughulikiwa peke yake. Walimu wengi hufundisha yale ya kuchekesha: prezerwatywa ni kondomu, kwa hiyo Mpolandi akisikia chakula kina "preservatives" anacheka. Yanachekesha, lakini hakuna anayepoteza kazi kwa hilo. Yanayoumiza ni yale yanayoingia kwenye sentensi bila kelele, msikilizaji akaelewa kitu kingine na asiulize. Mfano mkubwa ni ewentualnie. Kwa Kipolandi ni "huenda, ikibidi". "Eventually" ni "mwishowe". Mpolandi anaandika kwenye barua ya biashara "we will eventually pay the deposit" akimaanisha labda watalipa; Mwingereza anasoma kwamba watalipa, ila watachelewa. Mwingine ni konsekwentnie: yeye anataka kusema mtu ana msimamo usioyumba, yaani "consistently", anaandika "consequently", ambayo ni "kwa sababu hiyo". Weka kwenye kapu hilohilo aktualnie, ambayo ni "sasa hivi", dhidi ya "actually"; adept, ambaye kwa Kipolandi ni mwanagenzi na kwa Kiingereza ni bingwa; pretensje, ambayo ni malalamiko; prowizja, kamisheni ya dalali; ekspertyza, ripoti ya mtaalamu; na hazard, ambayo ni kamari.

Kosa ninaloliona kwa walimu ni kumpa mwanafunzi jozi nzima siku moja: "ewentualnie si eventually". Baada ya wiki mbili anakumbuka kwamba kuna tatizo, hakumbuki lipi ni lipi. Maneno yanayofanana yakiingia kichwani pamoja yanagongana. Tenganisha. Wiki hii kadi moja: ewentualnie, jibu "possibly, if need be", ndani ya sentensi. Baada ya wiki mbili au tatu, ile ya kwanza ikishatulia, ndipo ulete "eventually" na w końcu yake kama neno jipya kabisa. Fanya hivyohivyo kwa "economic" na "economical", ambazo Kipolandi kinaziita zote ekonomiczny, na kwa "safety" na "security", ambazo ni bezpieczeństwo tu. Kwenye hilo la mwisho usimcheke, sisi nasi tunasema usalama na tunamaliza. Kama ni kwa pożyczyć, inayokopa na kukopesha kwa pumzi moja, mkumbuke jirani anayeazima sufuria na anayeombwa "niazime".

Sasa sehemu itakayokula nusu ya muda wako: neno linatembea na nani. Mpolandi wa B2 ana nomino za kutosha. Kinachomwangusha ni kitenzi kinachokaa mbele yake, kwa sababu anakitafsiri. Chukua ponieść, ambayo kwa asili ni kubeba. Kipolandi kinaitumia kwa gharama, kwa kushindwa na kwa wajibu: ponieść koszty, ponieść klęskę, ponieść odpowiedzialność. Kiingereza kwa kawaida kina vitenzi vitatu: incur costs, suffer a defeat, bear responsibility. Mwanafunzi aliyekariri "ponieść ni bear" anaweza kupona kwenye gharama na wajibu, lakini kwenye kushindwa ataanguka. Au stanowić zagrożenie: atakuambia "constitute a threat", ambayo si kosa la sarufi, lakini Kiingereza cha kawaida ni "pose a threat". Wyciągnąć wnioski, kuvuta hitimisho, ni "draw conclusions". Budzić wątpliwości, kuamsha mashaka, ni "raise doubts". Zrobić zdjęcie, kufanya picha, ndiyo inayozaa ile "make a photo" utakayoisikia mpaka uchoke.

Wewe unayesema piga picha, piga pasi, piga deki na kula kiapo huna sababu ya kushindwa kulielewa hili. Hakuna anayepigwa wala kuliwa hapo. Kwa hiyo sheria ni moja: nomino haiingii kwenye daftari lake bila kitenzi na kivumishi chake. Tumia SkELL, tovuti inayoonyesha neno linaandamana na maneno gani, ni bure. Andika evidence, fungua sehemu ya maneno yanayoandamana, chagua vitenzi viwili na vivumishi viwili, usizidishe hapo: provide, gather; compelling, conclusive. Hapohapo mkumbushe kwamba evidence haina wingi, maana dowody yake ina wingi na atakuandikia "evidences". Ugonjwa huohuo uko kwenye informacje, badania, rady na meble: anasema "informations", "researches", "advices", "furnitures". Wiadomości nayo ni wingi, ndiyo unasikia "the news are".

Viambishi vya kukanusha havihitaji muda mwingi, lakini usiviruke, kwani vinatoka kwenye sehemu ya tatu ya karatasi ya mtihani iitwayo Reading and Use of English, ile ya kuunda maneno. Kipolandi kina nie- kwa karibu kila kitu. Kiingereza kina un-, in-, im-, ir-, il-, dis-, non-. Bila mazoezi utapata "unsufficient" na "unsatisfied" pale mteja alipotakiwa kuwa "dissatisfied". Mpe vivumishi 40 vya Kipolandi vyenye nie-, akanushe kwa Kiingereza kwa mdomo, haraka, kila somo dakika tatu mpaka viishe.

Vitenzi vya maneno mawili, wenyewe wanavichukia. Mpolandi hukimbilia "postpone" na "tolerate" kwa sababu zina sura ya Kilatini, anaogopa "put off" na "put up with", na matokeo yake anaongea kama barua ya halmashauri. Wengine wanasema "I possess a car", ambayo ni posiadać yao iliyovuka mpaka. Ila wana silaha ambayo hawajui wanayo: viambishi awali vya vitenzi vyao. Pisać ni kuandika. Zapisać, write down. Przepisać, copy out. Odpisać, write back. Wypisać, write out. Mwonyeshe kwamba od- mara nyingi ni "off", "away" au "back", wy- ni "out", roz- ni "apart". Odłożyć inaangukia kwenye "put off" na "put away". Inasaidia pale mwelekeo unapoonekana, na hapo inakomea. "Put up with" hakuna kiambishi kitakachomfikisha. Hiyo ni kadi. Vitenzi 150 vinavyotumika zaidi vinatosha kwa C1.

Kuhusu kadi zenyewe. Marudio ya vipindi kwa kompyuta, yaani kadi kurudi kila mara baada ya muda mrefu zaidi, yana asili hukohuko Polandi: Piotr Woźniak, akiwa mwanafunzi Poznań, aliandika programu ya kwanza ya SuperMemo mwaka 1987, na msamiati wa Kiingereza ulikuwa kati ya vitu alivyotaka kujifunza. Kanuni yake ya SM-2, ambayo Anki, programu ya kadi, ilijengwa juu yake, inarudisha kadi baada ya siku 1, kisha 6, kisha inazidisha kwa 2.5 kama jibu ni zuri: siku 15, siku 38, na kuendelea. Mwanafunzi wako huenda anajua haya kuliko wewe. Asilojua ni cha kuandika kwenye kadi. Mbele aweke sentensi ya Kiingereza yenye pengo na kidokezo cha Kipolandi: "The new rules ___ a serious threat to small farms", stanowić. Nyuma: pose. Pengo moja, jibu moja. Kadi ya neno moja na tafsiri tano haifai, kwa sababu hajui lini amekosea.

Kadi mpya 10 kwa siku, siku tano kwa wiki. Acha Anki yenye 20 kama ilivyokuja na utamkuta mwezi wa pili amezama, kwa sababu kadi mpya moja kila siku huleta marudio saba hadi kumi kwa siku mambo yakishakolea. Kwa 10, atakaa na kadi 70 hadi 100 kila siku, dakika 15 hadi 20. Kwa wiki 35 zinapatikana kadi 1,750, na ndiyo kazi kubwa ya kutosha. Kadi iliyoanguka mara nane Anki inaitia alama, na ukiipangia hivyo inaisimamisha yenyewe. Asiifungue tena kwa hasira, aifute na kuandika sentensi nyingine.

Maandishi ya kusoma yapime kwa maneno 100: asiyoyajua yakizidi matano, yaahirishe. Usihesabu kwa kumwamini. Mwombe tafsiri ya yale yenye sura ya Kipolandi, humo ndimo anamojidanganya.

Matamshi kwa ufupi. Mkazo wao uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu, kwa hiyo mnakosea pamoja kwenye "comfortable". Maneno ya -cja yana nafuu, sytuacja na "situation" yana mkazo mahali palepale. Kubwa zaidi ni kwamba Kipolandi kinaua sauti ya ghuna, ile inayotetemesha koo kama v na z, mwishoni mwa neno: "prove" inasikika "proof", "advise" inasikika "advice". Kosa hilo linahamia kwenye uandishi, anaandika "to proof". Mfanye arefushe irabu kabla ya v na z, asihangaike na konsonanti yenyewe.

Somo la dakika 60 ligawe hivi: 10 kurejea misemo ya wiki iliyopita (neno pamoja na wenzake, kama pose a threat) kwa mdomo, 15 kusoma, 25 kusimulia upya alichosoma bila kuangalia huku akilazimika kutumia misemo sita uliyochagua, 10 kuandika kadi. Hizo 25 usizikate hata kama anaona aibu. Mtu huyu anaelewa kila kitu akisoma. Kinachokosekana ni kulitoa neno kinywani chini ya shinikizo, na kadi peke yake haifanyi hivyo. Karatasi za mtihani mletee kuanzia mwezi wa tano: sehemu nne za kwanza za Reading and Use of English zina maswali 30 kati ya 56 ya karatasi nzima ya dakika 90, na yanapima hasa haya tuliyoyasema.

Kila wiki ya nne mrekodi akiongea dakika tatu juu ya mada ileile, kisha hesabu misemo mipya iliyotoka bila kuombwa. Mara ya kwanza inaweza kuwa sifuri au moja. Kama baada ya wiki 12 bado haizidi mitatu, punguza kadi mpya ziwe tano na muda huo uuhamishie kwenye kusimulia.